Wameniambia injini imekufa, na mfukoni nina laki moja na nusu

Fundi mzee, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Uyole. Nina Corolla 100 ya mwaka 1994, injini ya 5A, gia za otomatiki. Aliniuzia mjomba wangu wa Dar es Salaam mwaka juzi, nikaja nalo mwenyewe hadi Mbeya bila shida yoyote. Tangu mwezi wa tano mwaka huu linanitesa.

Asubuhi linawaka kwa kubembelezwa. Likiwa sailensi, yaani limesimama injini inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, linatetemeka hadi kioo cha ndani kinacheza, magari ya nyuma nayaona mawili mawili. Ekzosi inalia pu-pu-pu, inakata, halafu pu-pu tena. Harufu ya petroli inanifuata mpaka darasani. Juzi mwanafunzi ameniuliza kama nimetokea sheli. Zamani lilikuwa linakwenda kilometa 12 kwa lita, sasa hivi 8 ni bahati. Nikienda Tukuyu kwa wazazi, mlima wa Isyonje coaster zinanipita kama nimesimama. Jema ni moja tu: halichemshi. Mshale wa joto haujawahi kufika hata katikati. Na taa ya cheki injini haijawahi kuwaka hata siku moja, kwa hiyo naamini mambo ya umeme na kompyuta yako salama.

Fundi wa kwanza alibadilisha plagi zote nne. Moja ilitoka imelowa oili, akasema ringi za pistoni zimeanza kwisha. Gari likatulia wiki mbili, likarudia yaleyale. Wa pili alisafisha nozeli zinazopuliza petroli ndani ya injini, elfu sitini ikaenda, sikuona tofauti. Wa tatu alipima kompresheni akaandika kwenye kiganja chake: 150, 145, 150, 140. Akasema injini nzima inatakiwa kufika karibu 190, hii imekufa, nitafute milioni moja na laki mbili aniagizie nyingine.

Mkopo wa nyumba bado naulipa na mwanangu anaingia kidato cha kwanza. Nimebakiwa na laki moja na nusu. Nikope, au niliuze kama lilivyo?

Mwalimu, Uyole

*

Marahaba, mwalimu. Usikope, na usiuze. Barua yako nimeisoma mara mbili, na majibu mengi umeyaandika mwenyewe bila kujua, tena mengine umeyaandika kama habari njema.

Nianze na kiganja cha fundi wa tatu, maana ndicho kinachotaka milioni. Kipimo cha kompresheni kinasoma hewa iliyobanwa na pistoni, na hewa hiyo haitengenezwi ndani, inavutwa kutoka nje. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ninyi wa Uyole mko juu zaidi kidogo. Mgandamizo wa hewa yetu ni kama asilimia 82 ya ule wa pwani. Ikiingia hewa pungufu, inabanwa pungufu. Hiyo 150 uliyopimiwa huku, injini hiyohiyo ukiishusha Kigamboni bila kugusa hata nati ingesoma 180 na kitu. Kitabu cha mtengenezaji hakikuandikwa Uyole.

Halafu ukubwa wa namba si ndio wa kwanza kuangaliwa. Tunaangalia silinda zinavyopishana. Kati ya 150 na 140 tofauti ni 10, haifiki asilimia 7, na mafundi wengi tunaanza kuhangaika ikivuka asilimia 10. Injini yenye silinda iliyokufa ingekupa 150, 145, 150 na 60. Muulize pia jambo hili kwa upole: wakati anapima, plagi zote nne zilikuwa nje, injini ina joto, na kuna mtu amekanyaga pedeli ya mafuta hadi chini? Kama pedeli haikukanyagwa, hewa ilibanwa mlangoni na hata hizo namba zilitoka ndogo kuliko ukweli. Mimi hiyo injini naiita nzima kwa umri wake.

Hewa hiyohiyo inaeleza sehemu ya aibu yako ya Isyonje. Gari lisilo na turbo linapoteza karibu moja ya sita ya nguvu zake likitoka pwani kuja kwetu, hata likiwa jipya. Coaster inayokupita huenda ina turbo. Kwa hiyo hata tukilitibu, usitegemee lipande mlima kama mjomba alivyosimulia.

Sasa mshale wa joto. Umeandika kwamba halichemshi kana kwamba unalisifu, mimi hapo ndipo nilipoweka kalamu chini. Gari lisilofika katikati si gari lenye afya, ni gari linalosikia baridi. Nimefungua mengi yaliyotoka pwani nikakuta nyumba ya themostati, kile kivalvu kinachofunga na kufungua njia ya maji ya injini, iko tupu. Gari likichemsha mara moja, fundi wa huko anaing'oa na kuitupa, anamwambia mteja "nimekuondolea tatizo". Na kwa joto la Dar, kweli mteja haoni tatizo, injini inajikongoja mpaka inapata moto. Lilete Uyole mwezi wa sita au wa saba, asubuhi nyuzi ziko chini ya 10, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha. Injini haipati joto lake mpaka uanze kupanda mlima.

Themostati ya Toyota hii hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kabla ya hapo inazuia maji yasiende kwenye rejeta, injini ipate joto haraka. Isipokuwepo, sensa ya joto inaiambia kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kila dakika kwamba injini bado ya baridi, na kontroli boksi inafanya ilichofundishwa: inaongeza petroli. Petroli ya ziada haiungui yote. Inapaka plagi masizi meusi, plagi yenye masizi inarusha moto kwa kuvizia, gari linamisi, yaani silinda inakosa moto, harufu inakufuata darasani, na lita inakwenda kilometa 8. Kumbuka plagi mpya zilikupa nafuu ya wiki mbili tu. Fundi wa kwanza hakukosea kuziweka, ila aliweka taa mpya kwenye chumba chenye moshi. Bila shaka sasa hivi ni nyeusi tena.

Hakikisha mwenyewe bila kulipa mtu. Asubuhi kabla halijawashwa, fungua boneti, shika mpira mkubwa wa juu wa rejeta, kisha mwambie mtu awashe. Themostati ikiwepo, mpira unabaki wa baridi dakika kadhaa, halafu unapata moto kwa ghafla. Ikiwa haipo, au imekwama wazi, utausikia unapata uvuguvugu polepole tangu mwanzo na rejeta nayo hivyohivyo. Mikono iwe mbali na feni, mtandio uuvue, na mfuniko wa rejeta usiuguse kukiwa na joto.

Ukinunua nyingine, ijaribu kwanza jikoni. Itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, uchemshe. Maji ya Mbeya yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100, lakini zinatosha: kabla hayajatokota utaiona inajifungua, na yakipoa inajifunga. Isiyofunguka irudishe dukani siku hiyohiyo. Na kabla ya kuifunga, fundi akuhakikishie feni inawaka na mfuniko wa rejeta unabana, kwa sababu huenda iliondolewa ili kuficha kitu. Baada ya hapo weka kulenti, ile dawa ya rejeta, acha maji ya bomba. Kutu ndiyo inayoziua hizi.

Taa ya cheki injini. Kesho asubuhi washa swichi bila kupiga stata, uangalie dashibodi. Taa ya oili na ya betri zitawaka. Ya cheki injini je? Inatakiwa iwake nayo, halafu izime injini ikishawaka. Kama haiwaki kabisa, basi hakuna aliyekuambia kompyuta iko salama. Kuna mtu kang'oa kibalbu, au kimeungua. Ni ujanja wa zamani wa kuuzia gari. (Mjomba simtuhumu, huenda naye aliuziwa hivyo.) Kibalbu ni hela ndogo, kinachochosha ni kufungua dashibodi.

Kikirudi, gari lako litazungumza bure, bila mashine ya kupimia. Ndani ya boneti tafuta kiboksi cheusi cha plastiki, kifuniko chake kimeandikwa DIAGNOSIS, na kwa ndani kuna ramani ya matundu. Chukua kipande cha waya, unganisha tundu la TE1 na la E1, hayo tu, usibahatishe mengine. Washa swichi bila stata, uhesabu jinsi taa inavyopepesa. Ikipepesa haraka haraka bila kukatika, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, mara mbili tena, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji. Mara tatu, kisha moja ni 31: sensa inayopima mgandamizo wa hewa kwenye manifoldi, mabomba yanayoingiza hewa kwenye silinda. Mbili na moja ni 21, sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Andika namba uliyoipata, na usikimbilie kununua sensa, maana namba inataja njia yenye tatizo, na mara nyingi ni waya au mpira uliokatika njiani.

Tukiwa hapo, sensa inayoipa kontroli boksi habari za joto si ileile inayoendesha mshale wako wa dashibodi. Ni mbili tofauti. Baada ya themostati, mshale ukisimama katikati na gari bado linanuka petroli, fundi aipime hiyo ya waya mbili kwa mita ya umeme: ikiwa ya baridi, nyuzi 20 hivi, isome kati ya kilo-omu 2 na 3, na injini ikiwa na moto wa nyuzi 80 ishuke hadi omu 200 mpaka 400. Ikigoma kushuka, imekufa. Sensa ya 31 nayo ina kijimpira chembamba kinachotoka kwenye manifoldi. Kikichanika au kikichomoka, gari linamiminiwa petroli namna hiyohiyo. Kipapase kwa vidole chote, mwanzo hadi mwisho.

Ile plagi iliyolowa oili, fundi wa kwanza angekueleza ililowa wapi. Plagi ina ncha inayoingia ndani kwenye moto, na ina mwili mweupe wa udongo unaobaki juu shimoni. Oili ikiwa kwenye ncha, haya, tuzungumze ringi na sili za valvu. Oili ikiwa juu, kwenye udongo mweupe na ndani ya kofia ya waya, haikutoka kwenye silinda hata kidogo. Imevuja kutoka kwenye tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, kupitia mipira ya mashimo ya plagi iliyokauka ikawa kama biskuti. Injini hizi za familia ya A ndio ugonjwa wao, na kwa namba zako za kompresheni nina dau kubwa kwamba ndio wako. Oili hiyo inalainisha na kuozesha kofia ya waya, umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye ncha, na silinda moja inakosa moto mara kwa mara. Ndiyo ile pu-pu-pu, kimya, pu-pu.

Dawa ni gasketi ya tapeti kava pamoja na mipira yake minne. Kazi ya saa moja na nusu. Fundi akishika kopo la silikoni na kutaka kupaka kila mahali kama siagi kwenye mkate, mzuie. Nukta ndogo kwenye kona inaruhusiwa, mpira wenyewe unatosha. Mashimo yakaushwe kwa kitambaa kabla plagi hazijarudi.

Waya za plagi zipime usiku. Paki pasipo na taa, injini ikiwa sailensi, boneti wazi, kisha nyunyiza ukungu mwepesi wa maji juu ya waya kwa chupa ya dawa ya nywele. Usiziguse. Waya mbovu utaiona yenyewe, cheche za bluu zinatambaa juu yake kama siafu, na injini inatetemeka papo hapo. Ukungu wa Uyole wa alfajiri unakufanyia jaribio hilo kila siku, ndiyo maana asubuhi hali ni mbaya zaidi. Mwenye mita apime kila waya. Ikizidi kilo-omu 25, itupe.

Ikiwa baada ya yote hayo bado linamisi, basi tunatafuta silinda gani, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza hela. Kabla ya kununua, hamisha. Injini ikiwa sailensi, fundi achomoe soketi ya nozeli moja moja na kuirudisha. (Wengine huchomoa waya za plagi injini ikiwaka. Mimi siwaruhusu vijana wangu. Umeme ule unarusha mtu, na koili nayo unaweza kuiua.) Ukichomoa soketi na injini ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Ukichomoa na isijali, umempata mgonjwa. Tuseme ni namba 2. Zima gari, plagi ya 2 peleka 3, ya 3 lete 2. Ugonjwa ukihamia 3, ni plagi. Ukibaki 2, hamisha waya. Ukibaki tena, ndipo nozeli. Fundi wa pili alisafisha nozeli nne bila kujua kama kuna hata moja iliyokosa, na hiyo elfu sitini ingekununulia themostati na gasketi.

Mengine kwa haraka. Likitetemeka kwenye D ukiwa umekanyaga breki lakini kwenye N likatulia kabisa, angalia mauntingi, mipira inayoshikilia injini, huenda mmoja umekatika. Petroli mnayonunua, weka kidogo kwenye chupa ya kioo usiku kucha. Ikiwa na maji utayaona yamelala chini. Na chomoa kijiti cha oili ukinuse. Nadhani kitanuka petroli, kwa sababu ile isiyoungua imekuwa ikichuruzika chini kwenye oili muda wote huu na kuifanya nyepesi. Kwa hiyo oili na filta yake ubadilishe, lakini baada ya kutibu ugonjwa, si kabla, la sivyo utaimwaga mara mbili.

Laki moja na nusu yako nenda nayo Mwanjelwa hivi: kibalbu, themostati na gasketi yake, gasketi ya tapeti kava na mipira minne. Ulizia maduka matatu kabla ya kutoa hela, na beba themostati ya zamani kama ipo ulinganishe kipenyo. Plagi usinunue, zilizopo zitoe, zisugue masizi kwa brashi ya waya, zirudishe. Waya za plagi ni kwa kitakachobaki, tena zikishindwa jaribio la usiku tu. Oili uisubirie mshahara, ila usikawie.

Na kabla ya kuagana na fundi wa tatu, mwombe azihamishe zile namba nne kutoka kwenye kiganja ziende kwenye karatasi, na tarehe. Siku ukitaka kuliuza hilo gari, mnunuzi anayejua magari ataitaka hiyo karatasi kuliko rangi. Ukishafunga themostati, niandikie mshale umesimama wapi ukifika Igawilo.